Binti Yangu Alipoanza Kutulia

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na nusu alipoanza kutulia jioni. Mchana alikimbiza kuku kuzunguka nyumba yetu ya udongo hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Jua likizama tu, anakaa chini ukutani, mikono magotini, kimya. Jirani yangu, mama niliyetoka naye Kivu ya Kusini, alimsifu.

“Huyu mutoto iko na adabu mingi. Batoto bangu banakimbia mpaka giza inaingia.”

Nikajivuna. Alikuwa ametoka kuugua surua, nikadhani mwili bado unapumzika. Tulikula ugali na maharage, ugali na maharage. Kule kwetu mboga haikupikwa bila mawese. Hapa mafuta yale mekundu nilikuwa nikiyatazama tu dukani. Lengalenga, yaani mchicha, nililima kando ya nyumba, lakini karibu yote niliipeleka sokoni ili nipate sabuni na unga.

Jioni moja nilimnyooshea kikombe cha uji. Akapapasa hewani, mkono ukapita kando. Nikakisogeza kushoto. Akaendelea kupapasa pale pale, akicheka, akidhani nacheza naye.

Asubuhi nilimbeba hadi zahanati ya Kashojwa. Muuguzi, mama wa Kinyankole, mwenyeji wa huku, mwenye sauti ya chini, akamfunua kope. Kwenye weupe wa macho palikuwa na madoa kama povu la sabuni, na jicho la kushoto lilikuwa kavu, limefifia. Akakata ncha ya kidonge chenye mafuta, akamkamulia mdomoni. Kisha akanigeukia.

“Na wewe mama, jioni unaona mlango?”

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiingia ndani kwa kuufuata ukuta kwa kiganja, nikisema ni uchovu wa mimba.

“Hii dawa ya vitamini A ni kali, wewe siwezi kukupa, uko na mimba. Kula mboga yako, nayo ina vitamini hiyo. Usiuze yote.”

Tulipelekwa hospitali, Mbarara. Daktari wa macho alimmulika muda mrefu, halafu akazima tochi yake polepole. La kulia litapona, akasema. La kushoto limeshapata kovu.

Mimi sasa naona. Binti yangu ana miaka sita, na tukitembea namshika upande wa kushoto. Mdogo wake alizaliwa salama. Lakini mwaka huu mvua imechelewa, bustani imekauka, na tangu juzi mdogo ana homa na macho mekundu, kama dada yake alivyoanza surua. Nimeshamfunga mgongoni. Zahanati hufunguliwa saa mbili asubuhi.