Kihispania cha Ghalani

Vumbi la mahindi lina harufu yake, kavu na tamu kidogo, inayoingia puani na kukaa. Ndiyo harufu inayonijia kila nikisikia mtu akizungumza Kihispania, kwa sababu Kihispania chetu tulikisomea ghalani. Shule yetu ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Songea, ilikuwa imekubali kulijaribu somo hilo kwa kidato cha tano, lakini madarasa yote yalikuwa yamejaa na sisi tulikuwa watano tu. Basi tukapewa ghala la chakula. Madawati yetu yalikaa katikati ya magunia, ubao uliegemezwa ukutani, na wapishi waliingia katikati ya kipindi kuchota maharage ya mchana, wakatusalimu “ola, ola” kwa utani na kutoka wakicheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wapo watakaosema huo si utoto tena, lakini mimi najijua. Nilikuwa mtoto, tena mkaidi.

Mwalimu wetu alikuwa Sista Remedios, mtawa mwembamba wa makamo kutoka Hispania, ambaye alikuwa hajamaliza hata miaka miwili Songea. Kiswahili chake kilimtosha sokoni na kanisani, ingawa alitwambia “nyamazeni, watoto zangu” na hatukuwahi kumsahihisha aseme “watoto wangu”, kwa jinsi kosa hilo lilivyotupendeza. Siku ya kwanza aligonga meza akasema mesa. Akanyoosha kidole kwenye bendera ya shule akasema bandera. Akatoa pera mfukoni, akatueleza kwamba kwao hilo ni jina la tunda jingine, lakini jina ndilo hilohilo. Tuliona raha, kana kwamba lugha tuliyoiogopa ilishawahi kulala nyumbani kwetu. Kisha akatwambia moto kwao ni pikipiki, na rafiki yangu Zuhura, aliyekuwa hodari kuliko sisi wote, akanyoosha mkono: “Sasa Sista, bodaboda ikiwaka moto mnasemaje?” Kipindi kiliishia hapo.

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Vitenzi vya lugha ile vilibadilika mikia kila nilipogeuka. Wiki moja tuliandika insha kuhusu familia zetu, na kwa kuwa nilisahau neno la kaka, nililiacha kwa Kiswahili: namheshimu sana kaka yangu, kaka yangu anaishi nasi, mama humpikia kaka yangu. Sista aliisoma, uso ukamwiva, akakaa juu ya gunia la maharage akicheka mpaka akafuta machozi kwa shela yake. Alipopata pumzi alitueleza kwamba kwao caca ni kinyesi. Darasa zima liliniita Kaka mpaka mwisho wa muhula. Baba alipokuja kunitembelea kutoka Namtumbo, alizipitia alama zangu, kisha akaniuliza bila hasira, “Batilda mwanangu, hiki Kihispania utazungumza na nani kule nyumbani? Na tumbaku shambani?” Jumatatu iliyofuata niliandika barua kwa mkuu wa shule kuomba kuliacha somo. Ilibaki sahihi ya mwalimu tu.

Alhamisi mchana nilimshika Zuhura mkono anisindikize nyumba ya masista, maana peke yangu niliona aibu. Tulimkuta Sista Remedios kitandani, macho yakiwaka kwa homa. Masista wenzake walikuwa wamesafiri kwenda mazishini, na aliyekuwa naye ni Nesi Fausta wa zahanati ya shule, mama mnene mwenye sauti ya amri. “Afadhali mmekuja,” alisema. “Tangu asubuhi haongei Kiswahili hata neno. Kimemtoka chote.” Sista alikuwa ameweka mkono chini ya mbavu na kurudia neno moja: constipada, estoy constipada. Nesi, aliyelijua neno la Kiingereza linalofanana na hilo, alikuwa amekwisha kuamua. “Amekosa choo. Nampa dawa ya kuharisha, jioni atakuwa mzima.”

Nilimtazama Zuhura. Vitenzi vyote vilikuwa kichwani mwake, lakini alikuwa amejibanza mlangoni akilia. Nami nikakumbuka asubuhi moja ya baridi ya Juni, Sista akiwa na leso puani, akituomba radhi kwa neno lilelile. “Nesi, samahani,” nilisema. “Hajakosa choo. Kwao maana yake ni mafua. Kifua.” Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. “Una hakika?” Sikuwa nayo. Nilipiga magoti kando ya kitanda na kuuliza swali pekee nililolijua vizuri, ¿dónde le duele?, wapi panauma. Sista alifumbua macho. Alinionyesha ubavu, kisha mgongo, na kuvuta pumzi fupifupi ili nione panapomchoma. Nesi akachukua kifaa chake, akasikiliza mgongo kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika. “Kichomi hiki,” alisema. “Nimonia kabisa. Na mimi nilitaka kumharisha!”

Alitoa kichupa cha dawa ya ampisilini na kuanza kuandaa sindano. “Muulize kama kuna dawa inayomkataa,” aliniagiza. Sikujua swali kama hilo linasemwaje. Nikaunganisha nilichokuwa nacho: medicina... mala... ¿para usted?, yaani dawa, mbaya, kwako. Mtoto wa chekechea wa Hispania angenicheka. Sista Remedios hakucheka. Alinishika kiganja kwa nguvu ambayo sikuitegemea, akasema “penicilina, no,” kisha akajaza hewa mashavuni mpaka uso ukawa kama mpira, akashika koo lake kwa mkono wa pili. Nesi aliiweka sindano chini taratibu. “Hii ni ya ukoo mmoja na hiyo penisilini,” alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya amri. Aliomba karatasi aandike rufaa ya kwenda hospitali. Mimi nilikuwa na moja tu mkononi. Aliigeuza upande wa nyuma, akaandika, na barua yangu ikaondoka na gari.

Sista alirudi baada ya siku kumi, amekonda zaidi, akatukuta ghalani. Sikuandika barua nyingine. Katika mtihani wa mwisho nilipata alama ya katikati, na niliifurahia kuliko alama zangu zote. Baba aliposikia kisa kile hakunisifu, ila mama alinisimulia kwamba Baba alikihadithia Namtumbo nzima, na kila alipokihadithia Kihispania changu kilizidi kunyooka.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili huko Madaba, na wanafunzi wangu wana lugha zote za dunia kwenye simu. Siwaonei wivu wala siwalaumu, nami simu ninayo. Lakini mwaka jana bibi yangu mzaa mama aliugua, na homa ilipopanda, Kiswahili kilimtoka chote, akabaki na Kingoni chake. Niliinama kumsikiliza nikaambulia neno moja moja tu. Niliyemwelewa mtawa wa Hispania, maneno ya bibi yangu mwenyewe nilitafsiriwa na jirani. Alipona, namshukuru Mungu, na tangu hapo kila Jumapili nakaa naye barazani na daftari. Nasema, ananisahihisha, narudia. Jumapili iliyopita nilimaliza sentensi ndefu bila kukwama, nikamtazama nikisubiri sifa. Bibi alitikisa kichwa, akacheka mpaka akashika mbavu. “Mjukuu wangu,” alisema, “unaongea kama padri mgeni. Haya, anza tena.”