Mstari wa Tatu wa Vinyunyizio

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mji mmoja muda wa kutosha kujua jina la mwenye duka. Mahali pekee nilipowahi kupigilia msumari ukutani ni kibanda cha nyuma ya nyumba moja hapa Northfield, ughaibuni, kwa familia ya Wakongo niliokutana nao kanisani. Mwenye nyumba alitaka nyasi zake zimwagiliwe na mabomba ya chini ya ardhi. Mimi nilitaka kujua mabomba hayo hufanyaje kazi. Tukapatana: nichimbe, niyalaze, niyatunze, na kibanda kiwe changu.

"Hapa ni kwako," aliniambia, "mpaka uchoke weye mwenyewe."

Jumapili ya kwanza mezani pao nilipewa firigisi ya kuku. Kwetu Kakamega ni vivyo hivyo, hiyo huwekewa mgeni. Jumapili ya pili mama wa nyumba aliitia kwenye sahani ya mumewe, akanicheka. "Weye si mgeni tena, Fundi. Utakula paja kama sisi." Sijawahi kufurahia kunyimwa kitu namna ile.

Kila vuli nilitoa maji yote kwenye mabomba ili yakiganda kwa baridi yasiyapasue, na kila Aprili niliyarudisha. Mwaka huu nilianza Jumapili baada ya ibada. Koki hufunguliwa robo kwa robo, maana maji yakiingia kwa kishindo huvunja maungio. Unang'oa vichwa vya vinyunyizio, unaacha maji yasukume mchanga nje, ndipo unavirudisha. Manyunyu yalikuwa yameanza. Mama alichungulia dirishani.

"Fundi! Mungu ananyesha bure, unataka kumsaidia?"

"Huku karibu na ukuta huwa anasahau, Mama!"

Hakucheka. Akafunga dirisha.

Mstari wa kwanza wa vinyunyizio uliinuka kutoka nyasini ukarusha maji, wa pili pia. Wa tatu, unaopita mbele ya kibanda changu, haukutoa hata tone. Nikachukua sepetu nikachimba, nikitegemea kukuta tope. Nikakuta bomba limekatwa kwa msumeno na kuzibwa kwa kizibo kipya cheupe, kazi safi ya fundi mwingine. Februari nilikuwa Leeds wiki tatu, nikifunga maboksi kiwandani. Nilizunguka nyuma ya kibanda. Vigingi vinne vya mbao vilivyofungwa kamba, ambavyo nilidhani ni vya jirani, vilikuwa vimekizunguka kibanda chote.

Mwenye nyumba alitoka na ndala zake.

"Papa, nani alichimba hapa?"

Aliangalia nyasi. "Ah, ni kintu kidogo. Kuya tule kwanza, chakula inapoa."

Mezani mama aliniwekea wali, mchuzi, na juu ya wali, firigisi. Hakuniangalia. Mumewe alianza kula paja, akitafuna kwa bidii.

"Mama," nikasema, "leo mimi ni mgeni?"

Mumewe akasema, "Mtoto wa dada yangu anaoa. Tutamjengea pale nyuma."

"Ulijua tangu Februari?"

"Tulikuwa tunatafuta namna ya kukuambia."

Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amenishikia ndoo. Alinitazama nikifungua koki kwa subira, nikisugua vichwa kimoja kimoja kwa mswaki wa zamani, akasema kazi nzuri.

"Ndugu yangu," akaongeza, sauti ikishuka, "ile karatasi ya mabomba, ile ulichora, utatuachia? Wajenzi wasiyapasue."

Karatasi hiyo ilikuwa kibandani, imening'inia kwenye msumari wangu.

"Sikuwahi kuchora," nikamwambia.

Wote watatu tulijua kwamba nilichora. Hakuna aliyenibishia, mgeni habishiwi mezani. Nikala firigisi yote, kisha nikaenda kung'oa msumari.