Niliwaandikia Wazungu Kumi na Saba Kuwauliza Pa Kumzika Baba

Alhamisi moja saa nne asubuhi, watu kumi na saba kule Italia walipata ujumbe kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Mtu huyo alikuwa mimi, nimekalia ndoo iliyopinduliwa nje ya nyumba ya kampuni hapa Kericho, simu iko asilimia tisa.

Ujumbe wenyewe ulisema hivi: "Habari. Mimi pia ni Fornasaro. Baba yangu amekufa. Tafadhali, kwetu ni wapi? Nataka kumzika."

Cheka tu. Hata mimi ningecheka, kama baba angekuwa wako.

Wacha nianze mwanzo.

Naitwa Phelix Ooko Fornasaro. Nimezaliwa kwenye majani chai, mweusi kama sufuria ya kuni. Mimi ni Mjaluo wa kutoka...

Hapo ndipo shida ilikuwa. Wa kutoka wapi?

Baba yangu, Gordon Fornasaro, hakujua. Alilelewa na mama yake kwenye kambi za wachuma chai, leo estate hii, kesho ile. Nyanya akafa mapema. Kitu pekee alichomwachia baba ni tofali moja kuukuu la kuzuia mlango, na hadithi moja chungu.

Hadithi ni hii. Wakati wa vita vikuu vya pili, Waitaliano waliotekwa waliletwa Kenya kufanya kazi. Mmoja wao alikuwa bosi wa babu yangu, Ooko, na babu akaanza kuitwa kwa jina lake, Fornasaro. Vita vilipoisha, yule mzungu akarudi kwao. Mwezi huo huo babu naye akapotea. Watu wakamwambia nyanya, "Ooko ameenda Italia na mzungu wake."

Alimwacha na mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto huyo ndiye baba.

Baba hakusamehe. Hata akiwa na mvi kichwa kizima alikuwa anasema, "Siku yule mtu akikuja hapa, mwambieni nimekufa."

Mimi hiyo hadithi nilikula nayo maisha. Nilikuwa nakatia wasichana nikisema babu yangu ni Mtaliano. Estate nzima wananiita Mtaliano. Ndivyo nilivyompata Celine, mke wangu. Mtoto wa kwanza alipotoka mweusi kuniliko, Celine akaniuliza, "Phelix, huyo Mtaliano aliingilia mlango gani?"

Tulikuwa tunacheka sana.

Halafu mwezi wa tatu baba akashikwa na kifua. Siku nne tu. Akatuacha.

Mwezi huo huo kampuni ikaleta mashine za kuchuma chai. Mashine moja inafanya kazi ya kikosi kizima, na haiombi ruhusa ya kwenda matanga. Nikapigwa kalamu, mimi na wengine wengi. Tukaambiwa nyumba ziwe wazi ifikapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo baba alikuwa mochari, mama hana pa kuhamia, na mimi nilikuwa na siku kumi na moja.

Sasa, kwetu mtu hazikwi popote tu. Anarudishwa dala, yaani boma la baba zake. Ndiyo maana kwenye estate kila sehemu ya ziwani ina chama chake cha mazishi. Watu wa Gem wana chao, wa Alego wana chao, wa Seme wana chao. Ukifiwa, wa kwenu wanakusimamia mpaka unafika.

Nilienda kwa Mzee Odawa, mwenyekiti wa chama cha watu wa Gem. Nilimkuta na wenzake wakinywa chai.

"Jaduong', baba ametutoka."

"Pole, nyathina. Gordon alikuwa mtu wa watu. Ninyi ni wa wapi kweli?"

"Ndio nimekuja kukuuliza."

Akavua miwani. "Unaniuliza mimi kwenu ni wapi?"

"Babu alikuwa Ooko."

"Akina Ooko wamejaa kutoka hapa mpaka Usenge! Hilo lingine ndilo silijui. Fornasaro. Hilo ni la Italia, omera. Si wewe ndiye hutuambia? Mpeleke Italia."

Wazee wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ni mazoea. Halafu nikaenda nyuma ya mistari ya chai, nikakaa chini, nikalia.

Wa Seme wakaniambia nijaribu Alego. Wa Alego wakaniambia nirudi Gem.

Mtu mmoja akashauri makaburi ya mji. Mama yangu, Dorine, alikuwa hajasema neno siku tatu. Hapo akasema.

"Gordon amefyatua matofali ya nusu ya Kericho hii. Makanisa, mashule, nyumba za watu. Yeye mwenyewe hajawahi kumiliki hata choo. Sasa mnataka kumtupa na wasiojulikana?"

Na kuna jambo lingine. Kwetu mwanamume haingizwi kaburini bila kuwa na nyumba yake kwenye boma lake. Kama hakujenga, inajengwa haraka haraka, hata ya mabati, ndipo maiti inaletwa.

Kwa hivyo nilihitaji ardhi, na nyumba juu yake. Siku zilikuwa zimebaki tisa.

Ndipo nikakalia ile ndoo.

Nikaandika Fornasaro kwenye Facebook. Wakatoka wachache sana. Kuna kipara mmoja na baiskeli. Kuna mama na mbwa mkubwa kama ndama. Kulikuwa pia na msichana mweusi, ati Chepkurui Fornasaro. Nikasema huyu ni Mkipsigis tu amejibandika jina la kizungu ajibambe mtandaoni. Nikampita.

Wazungu wote niliowapata, nikawaandikia.

Kumi na wanne wakanyamaza. Mmoja akaniblock. Mmoja akanitumia mikono ya maombi, basi.

Siku zikawa tano.

Niliacha kula. Celine alikuwa anafunga vyombo kwenye magunia. Mama alikuwa amekalia kitanda cha baba, ameshika lile tofali la mlangoni kama mtoto.

Ndipo wa kumi na saba akajibu.

Anaitwa Ornella. Mwalimu mstaafu, miaka themanini na nne. Simu ikanitafsiria.

"Pole kwa baba yako, Phelix. Nimelia nikisoma. Kazi yangu ya uzeeni ni kuhesabu watu wenye jina letu duniani, na sisi ni wachache. Fornasaro ni jina la kazi. Zamani huku, ndiye aliyeitwa mtu wa tanuri, mchoma matofali. Ami yangu Bortolo alikuwa mtu wa tanuri, na alikuwa mfungwa wa vita huko Kenya."

Nikasimama.

"Alipokuja na babu yangu huko, babu aliishi wapi? Alizikwa wapi?"

Jibu lake sitalisahau.

"Mwanangu, nilikuwa na miaka sita. Mama alinivalisha viatu vya Jumapili tukaenda kumpokea stesheni. Bortolo alishuka kwenye treni peke yake."

Peke yake.

Yaani mtu ambaye baba alimlaani miaka yake yote hakuwahi kwenda Italia. Sasa alienda wapi?

Ornella akaandika tena. "Niambie kitu kimoja. Baba yako alipofyatua tofali, aliliwekea alama?"

Baba kila tofali, likiwa bado bichi, alilibonyeza kwa vidole vitatu, chini kabisa, yakabaki matundu matatu. Tulipokuwa watoto tulimuuliza kwa nini. Alisema, "Ile ya mama iko hivyo."

Nikamnyang'anya mama tofali. Nikaligeuza.

Matundu matatu.

Alimchukia mtu, lakini maisha yake yote alikuwa anaiga tofali lake.

"Ni vidole vitatu," nikaandika.

"Basi ni nyinyi. Bortolo alisema tanuri lao lilikuwa na watu watatu, kila mmoja na kidole chake. Yeye, Ooko na Kipkorir. Watu wa hapo waliwaita wote watatu Fornasaro, kwa sababu ya kazi. Lakini Phelix, kwa nini unaniuliza mimi niliye mbali? Kwenye orodha yangu Kenya ina familia mbili. Ya pili ni ya msichana anaitwa Chepkurui, mwanafunzi wa chuo cha Kabianga. Si karibu na wewe?"

Kabianga! Mahali naweza kwenda kwa miguu nikiudhika vizuri.

Nilijipiga kofi kweli kweli. Celine akadhani nimerukwa.

Nikamwandikia Chepkurui, na kesho yake nilimkuta nje ya chuo, amebeba vitabu, ananikagua juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Mtaliano?"

"Na wewe je, Mtaliano wa kunywa maziwa ya mursik?"

Akacheka, halafu akawa makini. "Babu yangu mkubwa alikuwa Kipkorir. Kwetu ni Fort Ternan. Kogo, nyanya yangu, husema kuna watu wetu walipotelea kwenye chai. Sisi tulidhani ni hadithi za wazee."

"Ni lini tunaweza kwenda?"

"Unangoja nini?"

Kogo Rodah alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Ndiye aliyeolewa na mtoto wa Kipkorir.

"Chamgei, kogo."

"Chamgei mising." Hakuniangalia usoni. Aliangalia lile tofali mikononi mwangu. Akaingiza vidole vyake vitatu kwenye matundu. "Wewe ni wa Ooko."

"Mimi ni mjukuu."

"Mmechelewa," akasema. Si kwa ukali. Kama vile chakula kimepoa.

Akainuka na fimbo, akatupeleka nyuma ya zizi. Kulikuwa na mviringo wa mawe, nyasi zimefyekwa vizuri.

"Huyu hapa."

"Nani?"

"Ooko. Mvua kubwa ilinyesha, yule mzungu akiwa ndio ameondoka tu. Ooko aliingia kwenye shimo kuchimba udongo, ukingo ukamwangukia. Baba mkwe wangu alimfukua kwa mikono. Akamzika hapa kwake. Akatuma habari na mtu wa reli, aliporudi akasema yule mke amehamishwa estate, hakuna anayejua ni ipi. Mpaka anakufa, mzee alituambia: fyekeni hapo, watakuja."

Nikapiga magoti hapo hapo. Miaka karibu themanini baba anamlaani mtu aliyekuwa amelala mwendo wa asubuhi moja kutoka kwake.

"Bado," Kogo akasema. "Kuja uone."

Hatua chache chini, kulikuwa na rundo kubwa limefunikwa na vichaka. Chepkurui akavuta matawi.

Matofali. Maelfu, yamepangwa. Yamevaa kuvu, lakini mazima. Kila moja na matundu matatu.

"Hili lilikuwa tanuri lake la mwisho. Mzee alimpa hiki kipande ajenge, alete mke na mtoto wake. Alikuwa ameshayachoma. Kilichobaki ni kujenga."

"Kogo, miaka yote hii, mbona hamkuyatumia?"

Akanishangaa kama mtu asiyefunzwa adabu.

"Si ni ya Ooko? Utajengaje na tofali ya mtu?"

Nilimpigia mama. Nikampa Chepkurui simu amweleze.

Alhamisi asubuhi tukaanza. Majirani wa Kogo walikuja na jembe na ndoo. Habari zilikuwa zimefika mpaka estate. Na nani nimwone anashuka kwenye lori na vijana wa chama cha Gem? Mzee Odawa. Hakuniangalia machoni. Alivua koti tu akaanza kukanyaga udongo.

Kogo akamuuliza, "Mzee, mtu aliyekufa anataka nyumba ya nini?"

"Mama, mwanamume wa kwetu hawezi kufika nyumbani alale nje."

"Hata akiwa amekufa?"

"Hasa akiwa amekufa."

Kogo akafikiria. "Basi changanyeni haraka. Mvua inakuja."

Nyumba ya chumba kimoja. Ijumaa jioni ikawa na mabati. Jumamosi, siku ambayo tulitakiwa kutoka kwenye nyumba ya kampuni, baba aliingia kwenye nyumba yake. Nyumba ambayo baba yake alimchomea matofali akiwa na mwaka mmoja.

Tulimzika ubavuni mwa Ooko. Yule aliyesema, "Akikuja hapa, mwambieni nimekufa," ndiye aliyekuja, tena amekufa. Mwenzake alikuwa amemngoja hapo.

Mama aliinama kaburini, akaongea kana kwamba wako wawili tu jikoni.

"Gordon. Mzee hakwenda mahali."

Mama bado yuko kwenye ile nyumba. Mila inamtaka mjane akae humo, na Kogo amesema akiondoka ataona cha mtema kuni. Wanagombana kila siku kuhusu kuku.

Juzi Ornella aliniandikia. Anasahihisha orodha yake kabla macho hayajamwisha. Anauliza, aendelee kuandika Kenya familia mbili, au sasa aandike moja?

Nikampelekea Kogo swali.

"Tanuri zilikuwa ngapi?" akaniuliza.

"Moja, kogo."

"Basi."

Ndugu msomaji, nilimpita dada yangu kwenye simu nikitafuta wazungu, kwa sababu sikutegemea ndugu yangu awe na sura ile. Nilituma maombi ng'ambo na mlango wangu uko Fort Ternan, umefyekewa nyasi.

Na kama kuna mtu unamlaani kwamba alikukimbia, hakikisha kwanza kwamba aliondoka.