Jicho la Mlinzi Aliyechoka

Mchora ramani wa chumba cha mwisho anaandika programu yenye swali moja tu: ukiwa hapa, pale unapaona? Hata hivyo haiamini kompyuta mpaka afumbe jicho moja, aweke rula kwenye kioo, na kukigombeza kilima kinachomkera: "Hebu sogea, bwana, unaniziba."

Juzi mkuu wake aliingia na haraka zake, kalamu mkononi. Mnara wa kulinda msitu dhidi ya moto ulikuwa umeshapata mahali, na ramani yote ilikuwa kijani, maana yake mlinzi ataona kila kona. "Nitie sahihi, dada?"

"Mlinzi atasimama au atakaa?" akauliza bila kugeuka.

"Saa kumi na mbili mfululizo? Si atakaa!"

Akafuta urefu wa mtu aliyesimama, akakisia wa aliyeketi, akabonyeza. Bonde moja likawa jekundu, lile lenye shule ya bweni. Mkuu akajikuta ameketi. Mchora ramani akachukua futi kamba, akampima kutoka sakafuni hadi machoni.

"Usijinyooshe, mzee," akamwambia. "Kaa kama umechoka."