Vidonge Sita vya Mwendesha Kreni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mwendesha kreni, na kwa ukaidi hana mpinzani. Kazini tunamwita Kipanga kwa sababu anashinda juu, ndani ya kijumba cha vioo, akiinua matofali na nondo tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi nasimama chini na redio ya mkononi, nikimwelekeza pa kuteremsha mzigo. Miaka tisa sasa, na sijamwona akigonga hata ukingo wa dirisha.

Kupanda ngazi mpaka kule kunachukua robo saa, na kushuka vivyo hivyo. Kipanga akishuka, mafundi wote wanabaki mikono mitupu, naye hapendi kusubiriwa. Basi akajiwekea sheria zake: asubuhi hanywi chai, mchana anakula mkate mkavu mlemle kijumbani, na maji ni ya kulowesha midomo tu. Haja ikimbana, naye anaibana. Dada hakuambiwa lolote. Aliona chai inapoa mezani kila siku, akaanza kushuku kwamba kuna mwanamke mwingine anayemwandalia. Walinuniana miezi kadhaa.

Tumbo ukilidharau sana, linagoma. La Kipanga lilifunga kabisa. Akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge vya kulainisha choo bila cheti cha daktari, kama mtu anavyonunua kiberiti. Muuza dawa alimweleza vizuri: kimoja kabla ya kulala, kwa siku chache tu, anywe maji mengi, na wiki ikipita bila nafuu aende hospitali. Lakini Kipanga aliogopa kidonge cha usiku kisije kikamkuta kesho yake angani. Akapiga hesabu ya kikreni. Siku sita za kazi, mzigo wa siku sita. Kwa hiyo Jumamosi jioni anameza sita kwa mpigo, Jumapili anashinda chooni, Jumatatu anapanda mwepesi. Alijiona mjanja, akaendelea hivyo miezi minane. Mtu mzima, baba wa watoto wanne! Mpaka leo nikiikumbuka hesabu ile, natamani kumzaba kofi.

Jumatatu moja alifika amenyauka, macho yameingia ndani. Kumbe alikuwa ameharisha mpaka alfajiri. Nilipomuuliza akasema yuko fiti, nisimletee maneno ya kike. Saa nne akainua matofali, akayazungusha mpaka juu ya uwanja niliposimama, mzigo ukaganda hapo. Nikamwita redioni, kimya. Nikaita tena.

"Shemeji, ondoka hapo chini," akasema taratibu sana. "Vidole vimekakamaa. Havinitii."

Nilitoka mbio huku nikiwafukuza na mafundi wengine. Alisukuma wenzo kwa kiwiko, kidogo kidogo, mpaka matofali yakagusa ardhi. Nilipomfikia kule juu, misuli ya miguu ilikuwa imekaza na moyo ulimwenda mbio mbio. Tulimteremsha watu watatu, tumemfunga kamba kiunoni. Njia nzima nilimtukana, na njia nzima nilikuwa nalia.

Daktari, mama mmoja mpole, alipima damu akasema mwili umepoteza maji na chumvi zake, hasa ile potasiamu ambayo misuli na moyo vinaitegemea. Akalichukua boksi la vidonge lililokuwa mfukoni mwa Kipanga, akamsomea yale maandishi madogo ambayo Kipanga hakuwahi kuyatupia jicho. Dawa yenyewe haina ubaya, alisema, ukifuata kipimo na usipoifanya mazoea. Ukizidisha, inakukausha. Akamtaka anywe maji, ale maharage, mboga na matunda, na haja ikimwita aitike. Tena akiona damu, au tumbo likimuuma sana na kutapika, asiviguse kabisa vidonge hivyo, aje hospitali. Dada alikuwa pembeni ya kitanda. Alipomsikia mumewe akikiri kwa nini chai ilikuwa haiguswi, alicheka, kisha akalia, kisha akamsema mumewe mpaka mimi nikatoka nje.

Likabaki suala la kiti cha kreni. Wapo vijana waliokuwa wanakitolea macho, na mwendesha kreni asiyeweza kukaa juu siku nzima, nani anamtaka? Nikaona nimsaidie shemeji. Nilimwambia msimamizi kwamba ilikuwa homa ya ghafla, nikamfundisha na Kipanga aseme hivyohivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi tukaitwa ofisini. Kipanga alikaa, kofia ngumu mapajani, jasho linamtoka.

"Nilijiumiza kwa dawa za choo," akasema. "Sinywi maji ili nisishuke, halafu navimeza vidonge. Nikirudi, nitakuwa nashuka mara mbili kwa siku. Kama haiwezekani, mpe mwingine kiti."

Msimamizi alishangaa, akamuuliza kwa nini anajianika hivyo wakati yeye ameshaambiwa ni homa.

"Kwa sababu chini ya ule mzigo alikuwa huyu," Kipanga akasema, akanionyesha kwa kidole.

Msimamizi akavuta ratiba, akaandika kwamba kreni itasimama saa nne na saa nane. Mimi niliyekuwa tayari kumrudisha angani kwa uongo wangu, sikuweza kumtazama shemeji yangu usoni.