Shamba Letu la Maharage Mtandaoni

Mdogo wangu aliolewa Bujumbura akabaki huko. Mimi nilikuja Kigali na wazazi, nikafungua kibanda cha kutengeneza simu katika mtaa wa Kimisagara. Hatukuwa watu wa kupigiana simu. Tulikutana kwenye mchezo wa mtandaoni, mchezo wa kijiji ambamo mtu anajenga nyumba, analima na kutembelea majirani, nao majirani ni watu halisi walioshika simu zao mahali fulani duniani. Kila siku baada ya chakula cha mchana niliweka bisibisi kando nikaingia, nikamkuta kwenye shamba letu la maharage. Humo tuliandikiana yale ambayo kwa sauti tusingeyasema. Humo ndimo alimoniambia kwamba mimba yake imetoka.

Kisha kampuni ya mchezo ikatangaza kwamba inaufunga. Siku ya mwisho mdogo wangu aliendelea kupalilia mpaka kioo kikaandika kwamba hakuna mawasiliano. Nilifuta mchezo kwenye simu yangu palepale, kwa hasira.

Baada ya miezi michache nikagundua kundi la wachezaji waliotaka kuufufua. Aliyeongoza alikuwa mwanamume wa Mombasa anayejua kuandika programu. Alihitaji faili za mchezo, na hizo zingepatikana tu kwenye simu ya mtu ambaye hakuufuta. Nilipekua simu mbovu zote kibandani. Niliyoipata ilikuwa imeingia maji; ilikuwa ya mteja wangu, mwalimu wa kike kutoka mtaa wa Kagugu, ambaye naye alikuwa akicheza. Nilipompigia kuomba ruhusa alikubali, kisha akauliza kama kuku wake bado wamo mchezoni. Nilimwambia sijui.

Niliikausha simu ile, nikabadilisha betri, nikatuma faili. Kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Katikati ya kazi yule wa Mombasa alituandikia kwamba milima, mto na njia vimo kwenye faili, lakini nyumba zetu na mali zetu zilikuwa zikitunzwa kwenye kompyuta za kampuni, na huko zimeshafutwa. Wengi walijitoa kundini siku hiyohiyo. Mimi nilibaki. Mpaka leo sijui nilitegemea nini.

Mchezo ulifunguliwa Jumamosi moja mchana. Tuliingia watu kumi na mmoja. Mwalimu alikuja kibandani, akaketi kando yangu na simu yake ileile. Nilikwenda moja kwa moja bondeni, lilipokuwa shamba letu, nikakuta majani matupu. Mwalimu naye alitembea mchezoni mpaka pale lilipokuwa banda lake la kuku, akasimama. Hakukuwa na kitu cha kufanya hapo. Baada ya muda akaizima simu.

"Iko sawa," alisema, akaniaga.

Jioni ile nilimpigia mdogo wangu, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi nimeshazoea," alisema. "Nikiingia nikute hamna kitu, nitalia upya."

Nilimwambia maharage tunaweza kupanda tena. Akajibu kwamba atajaribu. Nilipanda mistari minne, nikamsubiri kila mchana kwa wiki kadhaa. Hakuja, nami sikumkumbusha, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa.

Tukabaki sita, halafu watatu. Yule wa Mombasa alipata kazi ya kusafirisafiri, na kompyuta iliyobeba mchezo ilikuwa nyumbani kwake. Siku hizi mara nyingi haufunguki. Hakuna aliyetangaza kwamba umekwisha, na kundini hakuna anayeuliza.

Mwezi uliopita baba aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, kama mtu asiyenijua. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia hivyo, kwa sentensi mbili. Akasema pole. Nikasema asante. Kila mmoja alisikia watu wa upande wa pili wakizungumza, kisha akaniambia wageni wamefika, tutaongea.