Hodi ya Evarista, kutoka Soweto hadi Igowole

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelalia mabati ya Soweto jijini Mbeya. Evarista Kalinga ameshaketi mbele ya kompyuta yake, soksi za sufu miguuni, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Anajiandaa kuingia katika duka la vifaa vya ujenzi huko Igowole, wilayani Mufindi, wala hajatoka hata mlangoni kwake.

"Naingia kwenye kompyuta za watu walio mbali, kwa ruhusa yao, nazitengeneza," anasema. "Na kubwa zaidi, nahakikisha mwingine haingii."

Maduka anayoyahudumia yametapakaa kuanzia Mbeya hadi Iringa mjini. Kila moja humlipa shilingi elfu arobaini kwa mwezi. Si haba, anasema, ila bando la intaneti nalo linajua kula.

Zamani hakuketi hivi. Alipanda basi na begi lake la bisibisi, akashuka Nyololo, akashika barabara ya vumbi hadi Igowole. Huko ndiko kwa mzee Ramesh, Mhindi mzaliwa wa hapohapo, ambaye Kihehe chake kinawashinda Wahehe wengi wa mjini. Dukani kwake fundi hakugusa mashine kabla ya chai. Aliyeipika ni mkewe, Bi Komal, nzito ya maziwa na iliki, na chapati nyembamba pembeni.

"Nikiaga, Bi Komal ananifungia na za njiani kwenye gazeti. Basi zima linanukia," anasema Evarista na kucheka, kisha anatazama kikombe chake. "Nazikumbuka safari zile, jamani. Siku hizi nafika kila mahali, lakini sikai na mtu."

Bi Komal alifariki miaka minne iliyopita. Picha yake iko ukutani juu ya kaunta, imevishwa taji la maua kama Wahindu wafanyavyo kwa marehemu wao, na jina lake limeandikwa chini. Jina hilohilo Ramesh alilifanya neno la siri la kompyuta ya duka. Kila asubuhi, kabla ya saruji na misumari, alimwandika mkewe kwanza. Wateja walijua, wapagazi walijua. Igowole hiyo, nani angemwibia?

Lakini mtandao haukai Igowole. Mwezi Machi Evarista aligundua kuwa watu wasiojulikana, wa nchi za mbali, walikuwa wakibahatisha maneno ya siri ili waingie. Wiki hiyohiyo duka jingine analolihudumia, huko Nyololo, liliingiliwa. Kila kitu kwenye kompyuta kikafungwa na wezi waliodai fedha ili wakifungue, hadi picha za harusi ya mwenye duka.

Na kwenye mashine ya Ramesh kuna video moja tu yenye sauti ya Bi Komal. Anamfokea mumewe kwa kukata bati vibaya.

"Nilimpigia nikamwambia, baba, lile jina tulibadilishe. Akakata simu. Hakupokea tena," anasema Evarista. "Aliona kama namwambia ateremshe picha ukutani. Iliniuma, maana na mimi nilimpenda yule mama."

Akafanya kama zamani: akapanda basi.

Ramesh alimpikia chai mwenyewe, iliki zimezidi. Evarista akanywa yote ndipo akasema.

"Baba, jina la Bi Komal linajulikana na kila mtu. Mwizi akilijaribu tu, yumo ndani. Video itapotea."

Mzee akaitazama picha.

"Komal hakutaka mtu aingie jikoni kwake bila hodi," alisema mwishowe. "Hata mimi. Haya, funga, mwanangu."

Evarista akafunga. Mlango uliokuwa wazi kwa mtandao mzima akauziba, akaacha njia moja ya faragha. Akaunti zisizo na mwenyewe akazifuta. Anayekosea neno la siri mara kadhaa anafungiwa nje, na hata anayelipatia haingii kutoka mbali mpaka simu ya Ramesh ikubali. Jina likaondoka, neno jipya refu likawekwa, na sasa mashine ikiwashwa uso wa Bi Komal ndio unaotokea kwanza. Kisha akainakili ile video, akampa mzee aifungie kabatini.

Leo asubuhi Evarista anaandika neno lake la siri. Kioo kinasubiri. Huko Igowole simu inatetemeka. Ramesh angeweza kubonyeza kitufe na kuendelea na wateja wake. Hafanyi hivyo kamwe. Anapiga, anamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Evarista."

"Kamwene, baba. Hodi."

"Umekunywa chai?"

"Nakunywa sasa hivi."

"Haya. Karibu ndani."

Kioo kinafunguka.

Desemba Evarista anakusudia kuwazungukia wateja wake wote kwa basi, na kuanzia sasa kila mwaka, hata kama mashine zao ni nzima. Ataanzia Igowole. Ramesh anajifunza kupika chapati, na kwa maelezo yake mwenyewe bado ni ngumu.

"Nitakula hivyohivyo," anasema Evarista. "Na nimemwambia aweke gazeti. Anifungie na za njiani."